Maji ya Pipa Lako, Wakesho

Wakesho mwanangu,

Ni babako. Usicheke mwandiko. Nilifika darasa la tatu tu, lakini hawa wenye digrii zao, hakuna hata mmoja angeweza kukata mkonge na mimi mpaka saa nne asubuhi. Mnyapara mwenyewe alikuwa anakuja kuniangalia tu, anatikisa kichwa.

Nimekasirika. Tangu tukuzike huko Werugha sijakasirika hivi.

Alikuja yule mwalimu mwenzako wa kemia, yule mrefu aliyelia sana kaburini. Nikadhani amekuja kunijulia hali. Kumbe ana habari mbaya. Anasema huko chuoni Nairobi wamejaribu kutengeneza zile mbao zako za makapi ya mkonge, neno kwa neno kama ulivyoandika kwenye daftari, na hazishiki. Zinamomonyoka kama mkate uliolowa. Sasa kuna wanaosema matokeo uliyatunga. Wanataka ile kazi yako iliyochapishwa ifutwe, iandikwe kwamba haiaminiki.

Mtoto wangu! Wewe uliyerudi dukani mbio, ukiwa darasa la pili, kurudisha peremende moja uliyozidishiwa!

Nikamwambia, "Kijana, tazama juu. Hiyo dari ya jikoni ni mbao zake. Panda uning'inie." Hakupanda. Akasema, "Mzee, si mimi, ni kamati." Kamati! Hiyo kamati ilikuwa wapi ukichomwa na jua hapa uani, umefunga leso kichwani, unakoroga makapi pipani yananuka mpaka majirani wanafunga madirisha?

Nikampikia chai hata hivyo, mgeni ni mgeni. Akapiga funda moja, akakunja uso. "Mzee, hii chai mmetia chumvi?"

Nikacheka. Nikamwambia hayo ni maji ya kisima, sisi tumezoea, hata sufuria zetu zina utando mweupe kama chokaa. Akaweka kikombe chini polepole. Akaniuliza, "Na pipa la Wakesho, ulikuwa unajaza maji gani?"

Wakesho. Ulinituma maji ya bomba. "Baba, ya bomba tu, tafadhali." Nikasema ndiyo. Lakini foleni ya bomba, mtu kama mimi nisimame nyuma ya watoto na mitungi yao? Nikaenda kisimani. Kila mara. Nikajiambia maji ni maji. Na wewe ukaandika daftarini "maji ya bomba", kwa sababu babako ndivyo alivyokuambia.

Nikamsindikiza yule kijana mlangoni. Nilimwambia jua linazama, basi litamwacha. Mimi, niliyewapigia kelele watu wote wa Voi kwamba mtoto wangu hajui uongo, nilinyamaza.

Shangazi yako Mghoi anataka nitase. Nije kaburini, nijaze maji mdomoni, niyapulize chini huku nikitaja hasira yangu mpaka itoke, kama walivyofanya wazee wetu. Nimekataa. Yeye anadhani nimewakasirikia watu wa chuo tu. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka ile chai.

Kesho napanda treni kwenda Nairobi. Nimejaza mtungi wa lita ishirini pale kisimani, nimeufunga kwa kamba ya mkonge niliyosokota mwenyewe, na unajua hakuna anayesokota kama mimi. Nitawaambia: korogeni tena, kwa haya ya chumvi, labda ndiyo yaliyozishikisha. Zikishika, zisishike, nitasema ni nani aliyejaza pipa. Kama lazima kosa liwe na jina, waandike langu. Lako waliache palepale lilipo. Na wakinifungia mlango nitaukalia huo mtungi mlangoni. Nani atanihamisha?

Nikirudi nitapanda mlima hadi kaburini kwako Werugha na maji yatakayobaki. Hapo ndipo nitatasa, na nitajitaja mimi kwanza.

Lala, mama. Safari hii nimechota yale niliyosema nimechota.

Babako.