Punje ya Nyumba Yangu

Jumanne. Mvua imenyesha asubuhi ikakatika, na Mahajanga yote inafuka kama sufuria iliyofunuliwa. Magoti yananiuma. Sina hamu ya kuzungumza na mtu, ndiyo maana naandika.

Naandika kwa lugha ya babu yangu, kwa herufi za chuo cha Kurani, ndizo pekee nilizofundishwa. Nyumbani tunasema Kimalagasi, na Kikomoro tukigombana. Kiswahili hiki humu ndani hakuna anayekisoma ila mimi, na ni vizuri hivyo. Leo ningeona haya kusomwa.

Tumbo la kuendesha limeingia mtaani tangu mvua zianze. Watoto wanalegea kama mboga iliyosahauliwa juani. Kitukuu changu Amina naye amelala hapa ubavuni mwangu, macho yameingia ndani, midomo imekauka.

Mama yake ni Zaina, mjukuu wangu. Aliniachia mtoto akaenda kisiwani Nosy Be kusomea uuguzi kwenye hospitali ya Wafaransa. Mimi nimezaliwa Nosy Be. Najua mtu akitoka kule huleta vanila, au mafuta ya langilangi. Huyu amerudi na maswali.

Daktari wake amemfundisha namna ya kutafuta ugonjwa unakotoka. Humtazami mgonjwa peke yake. Unatazama analala wapi, anakunywa nini, choo kiko upande gani, na unauliza nyumba hadi nyumba. Alipojaribu mwenyewe, milango ikafungwa. Nani amfungulie msichana mwenye viatu vya Kizungu anayetaka kukagua vyoo vya watu? Ikabidi anibembeleze mimi. Mtaa huu nusu yake nimewapokea wakizaliwa na nusu iliyobaki nimewagombeza. Mimi sifungiwi mlango.

Nilidhani kazi ni nyepesi, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tangu nyumbani. Maembe mabichi. Kila msimu nasema, na kila msimu hawanisikii.

Basi tukaanza kwa Zalihata, jirani yangu wa ukuta. Nikamwambia, "Mwanao kala maembe mabichi, siyo?" Akainamisha kichwa: "Ndiyo, Koko," yaani bibi, ndivyo mtaa mzima unavyoniita. Nyumba ya pili, ndiyo Koko. Ya tatu, ndiyo Koko. Nikamgeukia Zaina nikanyoosha shingo.

Mtoto yule hana adabu, akacheka. "Koko, ungewauliza kama watoto wamekula misumari, wangesema ndiyo. Nani atakubishia wewe?"

Nilimtukana njia nzima. Lakini maneno yake yalinikaa kama mwiba wa samaki. Ni kweli, hapa kwetu mdogo hambishii mkubwa mlangoni, na mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua jibu langu mwenyewe mdomoni mwa watu.

Akanifundisha upya. Swali ni moja, maneno ni yale yale kwa kila nyumba, na sauti usiipandishe. Usimtajie mtu kitu. Mwulize kala nini, kanywa maji ya wapi, kisha unyamaze. Kunyamaza! Mimi! Marehemu mume wangu angelipa kiingilio kuja kuona.

Na jambo la pili, hili lilinikera zaidi: nyumba zenye watoto wazima nazo ziulizwe. Nikamwambia, wewe mtoto una wazimu, mtu hana shida unamsumbua ya nini? Akasema, "Twende tu, Koko."

Tukaenda. Watoto wazima walikuwa wamekula maembe mabichi mengi kuliko wagonjwa. Mmoja alikuwa nalo mkononi, juisi inamchuruzika hadi kiwikoni, mnene kama kitumbua.

Maembe yangu yakaanguka hapo hapo.

Leo baada ya adhuhuri Zaina ameweka ungo wangu sakafuni, akaugawa kwa uzi katikati. Upande huu, nyumba zinazokunywa maji ya bomba la barabarani. Upande ule, zinazokunywa kisimani. Nyumba yenye mgonjwa tunaiwekea punje ya hindi, nyumba ya wazima tunaiwekea kunde. Yeye anataja, mimi naweka.

Upande wa bomba kunde zilijaa, na mahindi machache yametawanyika. Upande wa kisima mahindi yalirundikana kama ninataka kuyasaga.

Kisima kile alikichimba mume wangu, Bakari, kwa mikono yake. Alikitoa wakfu kabla ya kufa, anywe yeyote, Mkomoro, Msakalava, mpita njia. Tumefundishwa kwamba sadaka ya maji haifi na mwenyewe. Kila anayekunywa, thawabu humfikia kaburini. Miaka yote hii nikisikia ndoo inagonga ukuta wa kisima alfajiri, nasema moyoni, Bakari, hiyo ni yako.

"Bado nyumba moja, Koko," Zaina akasema.

Nikamwambia nyumba zote nimezitaja.

"Bado hii."

Nilimwuliza kama amesahau nani alimlea. Nilimwambia hivyo, na mengine nisiyoyaandika. Aliniuliza kwa maneno yale yale tuliyowauliza wenzetu, sauti haikupanda wala kushuka: katika nyumba hii yuko mtoto anayeendesha? Anakunywa maji ya wapi? Kisha akanyamaza, kama alivyonifundisha mimi kunyamaza.

Amina alikuwa analia bila machozi.

Nikachukua punje ya hindi nikaiweka upande wa kisima.

Nilisema, haya, furahi sasa, umeshinda. Hakufurahi. Alimwinamia Amina akampangusa midomo, mama wa watu, mwanawe ndiye huyo. Akasema kwamba bado hajui kwa hakika. Ungo unaonyesha pa kutazama, hauhukumu. Atayatia maji kwenye chupa ayapeleke kwa daktari wa hapa. Ila vyoo vya nyumba mpya vimechimbwa upande wa juu wa kisima, na maji ya mvua hushuka kisimani kutoka huko. "Babu alipokichimba hapakuwa na mtu pale," akasema. "Kisima hakina kosa. Sisi ndio tuliokizunguka."

Nikamwuliza: na thawabu zake je? Watu wakiacha kunywa, atapata nini huko aliko?

Akasema hilo hakufundishwa Nosy Be.

Angalau ni mkweli. Wengine wangenidanganya ninyamaze.

Nimekaa na swali hilo tangu alasiri. Kama thawabu inafuata maji, basi mimi ndiye nitakayeikata, mimi mkewe, na sijui nitamwambia nini tukikutana. Kama inafuata nia, basi nia ya Bakari ilikuwa watoto wa watu wanywe wawe wazima, na kila ndoo inayopanda sasa inamdhulumu. Nimeligeuza huku na huku. Silijui jibu, na safari hii sitajifanya ninalo kabla ya kuuliza.

Amina amekunywa maji ya bomba yaliyochemshwa, na chumvi na sukari kidogo, kijiko kwa kijiko. Hayajarudi. Amelala.

Kesho asubuhi nitasimama kisimani kabla ya wanawake kuja na ndoo zao. Sitamtuma Zaina, hawatamsikiliza, watasema Wafaransa wamempotosha. Nitawaambia mwenyewe kwamba nyumba yangu ina mgonjwa na ilikuwa inakunywa hapa. Zalihata atafungua mdomo, najua. Afungue. Mara hii moja namruhusu anibishie.

Ndoo nimeifunika kibarazani. Kamba ya kisima nimeifungua nikaileta ndani, iko chini ya kitanda changu, bado imelowa.