Akordeoni Yako Niliyoisawazisha

Papa,

Akordeoni yako nimeiharibu mimi. Nimeona nianze na hilo, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, unanijua.

Tangu tukuzike, mvua zimekuja na kwenda, na bati la juu ya jiko tumelibadilisha. Mama amehamishia kitanda chake chumba cha mbele, anasema kule nyuma kuna baridi. Kwenye karatasi za serikali uliandikwa citoyen, yaani mwananchi, Cirhuza, na msalabani wameandika hivyo hivyo, lakini Mama bado anakuita Léonard, kana kwamba hakuna aliyetuambia tuache majina ya ubatizo. Watu wanaendelea kuleta vyombo vyao hapa Nyalukemba. Wanasimama mlangoni, wanakiangalia kiti chako, kisha wanauliza kama mimi naweza. Nawaambia naweza. Nikitoka kufundisha naketi mezani pako na kufanya kazi mpaka chakula kiwe tayari.

Sijalia, Papa. Siku ya mazishi niligawa chai, nikapanga viti, nikamtafutia padri miwani aliyoisahau. Wamama wengine walisema nina imani, wengine wakasema nina moyo mgumu. Sina hata kimoja. Ni ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Wiki mbili kabla ya kuondoa matanga, mdogo wako Tonton Murhula aliniletea akordeoni yako. Yeye ndiye angeipiga siku hiyo, na kibonye kimoja kilikuwa kimya. Nikaifungua. Ilikuwa chembe ya nta tu, imeangukia juu ya ulimi wa chuma unaotoa sauti na kuuzuia usicheze. Nikaitoa kwa sindano. Kazi ya dakika kumi, na hapo ningefunga sanduku nikaenda kunawa. Lakini mikono ilikuwa imeshaonja kazi na kichwa kilikuwa kitupu. Nikachukua diapazoni, ule uma wako wa kupimia sauti, nikaanza kukagua ndimi moja baada ya nyingine.

Ulinifundisha mwenyewe kwamba kila noti ina ndimi mbili. Wa kwanza unafuata diapazoni, wa pili unapandishwa kidogo sana, na zikilia pamoja sauti inatetemeka. Bila mtetemo huo, ulikuwa ukisema, akordeoni ni harmonium ya kanisa iliyotoroka misa. Sawa. Ila yako, Papa, kila noti ilitetemeka kivyake. Moja polepole, jirani yake mbio mbio, nyingine zimeachana mno mpaka karibu zigombane. Nikasema moyoni, ni masikio yake. Mwaka wako wa mwisho ulikuwa ukiniomba nirudie maneno, hata ya kukuita mezani. Nikaona aibu kwa ajili yako. Watu wote watakuja, mafundi na wanakwaya, na akordeoni ya fundi mwenyewe iko hivi.

Basi nikaisawazisha. Ilinichukua siku tisa. Ukikwangua ulimi karibu na ncha sauti inapanda, ukikwangua karibu na shina inashuka, na chini unapitisha kipande cha wembe ili usipinde. Nilifanya yote jinsi ulivyonionyesha. Mwishoni noti zote zikatetemeka mwendo mmoja, kama zimetoka dukani. Nikafunga sanduku. Sikujisikia vizuri wala vibaya, nilijua tu kwamba kazi ni safi.

Siku ya matanga Tonton alipiga ule wimbo wenu wa Jumapili, ambao Mama alikuwa akiuimba akimenya maharagwe na wewe umeketi kwenye kizingiti. Mama alifungua mdomo, akaimba mstari mmoja, akanyamaza. Alipotoka nje nilidhani ni uchungu. Jioni akaniambia jikoni, bila kuniangalia, "Hii si akordeo ya Léonard. Sanduku njo yake, lakini Murhula alitosha vitu ya ndani."

Yaani Tonton amezitoa ndimi zako akaweka nyingine. Nikaendelea kufuta sahani.

Tangu siku hiyo hakumsalimia tena Tonton. Alirudisha ndizi alizotuletea. Kwenye kikundi cha wamama wa parokia alisema kuna watu wanaiba hata kwa maiti ya ndugu yao, na kila mtu akajua anamsema nani. Tonton alikuja mara mbili, akasimama nje ya ua, hakukaribishwa. Mara ya pili aliningoja barabarani. "Nabintu, ni weye uliifungula. Ambia mama yako." Nikamwambia nitamwambia. Nikaingia ndani nikasahihisha madaftari ya wanafunzi, yote, hata yale ya wiki iliyotangulia. Mdogo wako alikuwa akiitwa mwizi na mimi nilikuwa nikitafuta makosa ya kuandika. Naona haya kukueleza, lakini nani mwingine nimweleze.

Nikaamua kuirudisha kimya kimya jinsi ilivyokuwa, Mama asikie, Tonton asamehewe, na mimi nisiulizwe kitu. Tatizo ni kwamba sikuwa nimeandika popote namna noti zako zilivyokuwa zimeachana. Nani anaandika makosa kabla ya kuyafuta? Nikakumbuka akordeoni ya kanisa dogo kule Walungu, uliyoitengeneza ndimi wewe mwaka mmoja na hii yako. Nikasema nitaipima ile, nitanakili.

Nilipanda kamioneti Jumamosi asubuhi, nimekaa juu ya magunia, sanduku lako magotini. Njiani nilikuwa nikisikia hadithi yako, ile uliyowapa wateja wote mpaka Mama akawa anakumalizia. Kwamba ulimi huu ulianzia Uchina, kwenye mianzi ya kupuliza kwa mdomo. Kwamba Wazungu waliuona, wakautia kwenye sanduku lenye mivukuto ili mtu apulize kwa mikono na mdomo ubaki huru kuimba. Kwamba mabaharia walilishusha Matadi, wafanyabiashara wakalipandisha mtoni, mpaka likafika kwa yule Mgiriki wa karibu na soko, ambaye alikuachia lake alipoondoka, mwaka ule maduka ya wageni yalipochukuliwa. "Hii sanduku ilitembea kuliko siye," ulikuwa ukisema, kisha unakohoa. Nilisikia mpaka kikohozi. Macho yalibaki makavu.

Katekista wa Walungu ni mzee mrefu, anakukumbuka. Alinitolea akordeoni yao nikaipima. Haikuwa sawa, vile vile. Lakini haikuwa sawa kwa namna nyingine kabisa, noti zilizotulia kwako zilikuwa zikitetemeka sana kwake. Nikamwambia, basi masikio ya Papa yaliharibika zamani kuliko nilivyodhani.

Yule mzee alinishangaa. Akamwita mke wake, ambaye ndiye anayeongoza nyimbo pale, akamwambia aimbe. Yeye akapiga. Sauti ya yule mama inachoka inapopanda, na kila ilipochoka akordeoni ilitetemeka zaidi na kuifunika, usingejua inakatika. Iliposhuka kwenye noti zake nzuri, akordeoni ilitulia na kumwacha mbele. "Papa yenu alikuwa naanza na muntu," katekista akasema, "kiisha anaenda ku chuma."

Papa, kila mteja ulikuwa ukimwambia, "Imba kidogo." Nilidhani ni maongezi, unamchangamsha mtu kabla ya kazi. Saa hizo mimi nilikuwa najiendea jikoni kuyeyusha nta. Miaka yote hiyo nilijifunza kwako tupa, wembe na sindano, na kila mara kazi ilipokuwa inaanza mimi nilikuwa jikoni.

Kwa hiyo zile noti nilizozionea aibu zilikuwa koo la Mama. Uliiona kila sehemu inayomkwama ukamwekea pa kujificha, hukumwambia. Nami nikapita na tupa nikamfukua.

Nilirudi nikamwambia yote, akiwa anapepeta unga. Kwamba Tonton hakuiba, kwamba ni mimi, kwamba ulikuwa umempimia yeye. Nilitegemea anipige na ungo. Alimaliza kupepeta, kisha akasema, "Njo maana ku kanisa nilikuwa nashindwa, na ku nyumba naweza." Akacheka kidogo, pua tu. Halafu akaniambia kwamba kosa nimelifanya nikiwa sijui, hilo linasameheka, ila kunyamaza nilinyamaza nikijua. Hilo nimelibeba, ni langu.

Asubuhi yake alivaa kitenge cha misa akaenda kwa Tonton Murhula peke yake. Sijui walisemezana nini. Walirudi wote wawili, Tonton akiwa amebeba ndizi zile zile au nyingine. Jumapili, baada ya misa, mama wa kikundi aliyechekelea zaidi alisikia kutoka kwa Mama mwenyewe kwamba mwizi hakuwepo.

Sasa tuko kazini. Tonton anavuta mivukuto, Mama anaimba noti moja moja, mimi nakwangua. Siku ya tatu Mama alifika pale ambapo zamani alikuwa mzima, nakumbuka vizuri, na sauti ikamkatika. Akajaribu tena, ikakatika. Pale ulipokuwa umemfunika, sasa anapita bila shida. "Zamani haikuwa apo," akasema. Basi sikuweza tena kutafuta akordeoni yako, Papa. Ile ulimtengenezea mwanamke mwenye mume. Nikainamisha tupa nikaifungua ile noti itetemeke zaidi, kwa ajili ya koo alilo nalo leo, na hapo ndipo machozi yalipokuja, wala sikuyaita. Tonton aliniondolea ubao wa ndimi mbele yangu, chuma kisishike kutu, akaushika mikononi mwake akiningoja.

Noti tatu zimetushinda. Nimezikwangua mara mbili, chuma chake kimekwisha, nikizigusa tena zitavunjika. Nilimwambia Mama kwamba pale hakuna tena pa kujificha, akifika hapo atasikika jinsi alivyo, na kama anataka nitaandika kwa yule fundi wa Goma anitafutie ndimi nyingine.

Pumzika, Papa. Nakuahidi hizo tatu sitazibadilisha maadamu Mama yu hai. Alinijibu, "Acha. Batu basikie."

Binti yako,
Nabintu