Madoa Niliyoyafua Kimya

Mwanangu,

Asubuhi mkeo alipotoka chooni analia, ulijifanya unatafuta soksi. Nilikuona. Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo, mimi nalia na mimba, yeye anatazama dirishani.

Chai iko kwenye chupa. Mashuka ya wateja usiyaguse.

Nimemwacha kliniki, nimerudi mbio kuchukua kadi yake. Wewe umeshatoka na simu hupokei. Mkojo unamchoma, na uchafu unaomtoka ni wa kijani, unanuka. Yeye alidhani ni mambo ya mimba. Mimi ni dobi, madoa nayasoma. Wiki mbili nimeyaona kwenye nguo zake, nikayaloweka, nikayafua, nikanyamaza. ~~Nilitaka kukusitiri wewe.~~ Niliona aibu. Mimi niliyewasimamisha madobi wenzangu tukagoma mpaka tukapewa glavu, nyumbani kwangu nimefyata mkia! Leo nilipomwambia mkunga ni wiki mbili, mkeo kaniuliza, “Mama, kumbe ulijua?” Sikuwa na pa kuuweka uso.

Mkunga anasema maradhi haya yanatibika, na dawa zisizomdhuru mtoto zipo. Kuchelewa ndiko kubaya: mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake, au macho yake yakaambukizwa anapozaliwa. Na mkeo akitibiwa peke yake ni kutwanga maji kwenye kinu, utamwambukiza tena.

Usiniambie wewe huumwi. Wanaume wengi hawasikii chochote.

Sitakuuliza umeyatoa wapi, ~~leo~~ hilo ni lako na mkeo. Ukishasoma hapa, funga mlango uje kliniki upimwe, sasa hivi.

Mama yako