Karata za Mama

Roi Et, Thailand

Dada Lamduan,

Huku tunaendelea. Mpunga umechanua na paa la jikoni nimeliziba. Mama hataki kula.

Ulisikia kwamba polisi waliwakuta Mama na wenzake wakicheza karata sebuleni kwa sarafu za baht. Mama aliwaambia, "Wanangu, hii ni nyumba yangu na hawa ni wageni wangu." Askari mmoja akamjibu kwa upole, "Bibi, kucheza karata kwa pesa bila kibali ni kosa, hata chumbani kwako." Wakawapakia garini vikongwe wote wanne. Bibi Thongbai, jirani yetu, alianguka kituoni, akafa kabla ya kufika hospitali.

Mama hakwenda hekaluni siku ya kuuchoma mwili wa Bibi Thongbai. Anashinda ukumbini akiniuliza, "Nani alituchongea, Pin? Nani anatuchukia hivi?"

Dada, ni mimi niliyepiga simu. Nilichoka kumwona akicheza kutwa. Nilitaka atishwe tu, aache. Jana nilijikaza nimwambie, lakini akanishika mkono, akasema, "Sasa nimebaki na wewe tu."

Usimwambie. Rudi nyumbani, dada. Siwezi tena kukaa naye peke yangu.

Mdogo wako,
Pin