Unyayo Uliofunikwa Beseni

Shangazi yangu Semeni,

Kamwene. Najua ungenijibu kwa kuniuliza kama nimekula, nami ningesema ndiyo hata kama sijala, na viazi ungeleta vilevile. Basi tuseme nimekula. Nimekaa barazani kwako hapa Kilolo, kwenye kigoda chako, nimevaa lile sweta ulilonifumia, lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Nimekuja kuungama. Kuna jambo nimekuficha tangu nikiwa na miaka tisa, na wiki hii huko Mbeya lilinirudia mbele ya watu.

Unamkumbuka yule mwizi wa ulanzi, pombe yako ya mianzi. Nilikuwa nimeletwa kwako likizo kutoka Mlandege, kule Iringa mjini, na kila asubuhi ulikuwa ukienda kwenye mianzi yako nyuma ya nyumba unakuta mbeta, vile vikopo vya mwanzi vya kukingia, zimekaushwa, hata tone la kunusa hakuna. Kijiji kizima kilikuwa kimeshahukumu. Ni Baba Tuma, jirani yako, nani mwingine, kwa vile alipenda kinywaji na hakuwahi kulificha hilo. Mkewe alikuwa ameshaacha kuja kisimani kwa aibu. Wewe peke yako ulikuwa ukisema, "Mimi sijamwona. Nyie mmemwona?"

Halafu ikanyesha mvua, na asubuhi yake tukakuta unyayo mmoja kwenye tope chini ya mianzi. Wa mguu mtupu, mzuri, umekamilika mpaka kidole gumba. Ukanishika bega. "We mtoto, usisogee. Hapo hapo."

Sikujua kwamba nilikuwa naanza masomo ya kazi yangu. Ulimwita balozi wa nyumba kumi. Mbele yake ukachonga vijiti viwili vya mwanzi, ukavilaza ndani ya unyayo kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto, ukavikata sawasawa na urefu wake kutoka kisigino hadi ncha ya kidole. Kimoja ukakifunga kwenye kona ya kanga yako, kingine ukampa balozi. Nikauliza kwa nini viwili. Ukasema, "Mimi nina hasira na huyu mtu. Nikikaa nacho peke yangu, si watasema nimekikata ninavyotaka?" Kisha ukafunika unyayo kwa beseni la bluu, ukaweka jiwe juu, ukaniambia nisiguse, ukaenda kuwaita watu.

Shangazi, niligusa.

Nilivumilia kidogo sana. Nilitaka tu kuona. Nilipoona nikataka kujua mguu wangu unaingia mara ngapi ndani ya mguu wa mwizi, nikauweka, nikateleza, na mguu wangu wote, kisigino mpaka vidole vitano, ukazama pale katikati. Nikarudisha beseni, nikarudisha jiwe, nikaenda kukaa jikoni kama mtoto wa shule ya Jumapili.

Watu walipokuja ukainua beseni. Uliangalia chini kwa muda mrefu, na mimi nikaangalia moto. Halafu ukasema, "Kuku huyu. Kaingia humu kaharibu." Hakuna aliyeuliza kuku ameinuaje beseni lenye jiwe. Mzee Kihwele, mzee wa kanisa aliyekuwa amekuja kutupatanisha, alifurahi kuliko wote. "Basi, Mama, ushahidi umepotea. Tusameheane, tuombe."

Ukafungua kona ya kanga. Balozi naye akatoa cha kwake. Vikawekwa pamoja, vikalingana. Baba Tuma akavua kandambili kabla hajaombwa, na mguu wake ukapita kijiti kwa upana wa vidole viwili. Nilimwona akitazama ule mguu kana kwamba ameuokota leo. Kisha ukamgeukia Mzee Kihwele kwa heshima zote. "Na wewe, Mzee, tupime tu, ili tuombe vizuri." Alivua kiatu taratibu sana. Kijiti kililingana mpaka ukucha. Baadaye alikiri kwamba alikuwa akiacha viatu vyake barabarani kila alfajiri ili asivichafue kabla ya ibada, na hapo hata mke wake alicheka. Alikulimia bustani wiki nzima, na Mama Tuma akarudi kisimani akiwa na ndoo mbili.

Tangu siku ile ukaniita Kuku. Mpaka naenda chuo, mpaka naolewa, Kuku wangu, Kuku wangu. Nilidhani ni kwa sababu ya miguu yangu myembamba.

Sasa nikueleze ninachofanya Mbeya, maana kila nilipokueleza kwenye simu ulikuwa unaniuliza kama bado natengeneza redio. Mtu akituhumiwa jambo lililofanyika kwenye kompyuta au simu, naitwa mimi. Sikai kwenye kompyuta yake nikaanza kupekua. Natoa diski, naiunganisha kwenye kifaa kinachoniruhusu kusoma tu bila kuandika chochote, nachukua nakala kamili, na kazi yote naifanya kwenye nakala. Ile halisi inaingia kwenye bahasha, inafungwa, inasainiwa, na kila anayeishika anaandika jina na saa. Kisha programu inaisoma diski yote na kutoa namba moja ndefu. Ukibadilisha herufi moja tu humo ndani, namba inakuwa nyingine kabisa. Namba hiyo naiandika mara mbili, moja nakaa nayo, nyingine nawapa wenye shauri. Mwalimu wetu alipotufundisha hilo chuoni nilicheka peke yangu darasani. Nilikuwa nimeona kanga yako.

Mwezi uliopita iliniita shule moja ya binafsi. Mtihani ulikuwa umevuja, na faili lake lilikuwa kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, dada mmoja anaitwa Anyisile. Makamu mkuu wa shule alikuwa ameshawaambia wote kwamba ni yeye. Alikuwa amesimamishwa kazi, na walimu aliokuwa akiwachapia barua walikuwa wakivuka barabara wasikutane naye. Nilipomwona nikamkumbuka Mama Tuma.

Nilikuta kompyuta imewashwa, na faili la mtihani liko pale mbele ya macho yangu. Shangazi, miaka yote hii ya kufundisha wenzangu wasiguse, na kidole changu kikaenda. Nilitaka tu kuona. Nikalifungua kabla ya kuchukua nakala. Papo hapo kumbukumbu ya saa ambayo faili lilifunguliwa mara ya mwisho ikafutika, ikaandikwa dakika yangu mimi. Nikatoa daftari, nikaandika, "Saa nne na dakika kumi na mbili. Nimefungua faili kwa kosa langu." Ndipo nikaanza kazi kama inavyotakiwa.

Kwenye nakala nilipata kitu kingine. Kompyuta hukumbuka kila flashi iliyochomekwa, kwa namba yake yenyewe. Flashi moja ilichomekwa Jumapili asubuhi, saa ambayo Anyisile alikuwa anaongoza kwaya mbele ya usharika mzima.

Asubuhi ya kikao cha bodi nilikunywa chai huku daftari liko wazi mezani. Ukurasa ule ungechanika kirahisi tu. Nikiusoma, wanaweza kuitupa kazi yangu yote, na Anyisile akapoteza ajira kwa sababu ya udadisi wangu. Nisipousoma, nitakuwa nimerudisha beseni na jiwe kwa mara ya pili. Niliogopa sana, sikufichi. Nikaenda nao.

Nikausoma mwanzo kabisa, kabla sijaulizwa. Makamu mkuu akasimama. "Mnasikia wenyewe. Huyu mama kaifungua. Tutajuaje hakuweka anachotaka?" Nikamwambia mwenyekiti, mzee mmoja mpole, "Hapo mahali pamoja nimepaharibu, na nimewaonyesha ni wapi na saa ngapi. Lakini kuhusu flashi sikugusa. Namba ya diski mnayo ninyi tangu siku ile, isomeni tulinganishe." Akatoa karatasi yake, nami yangu, na programu ikaisoma nakala upya mbele yao. Akasoma kwa sauti, tarakimu moja moja, akirudia alipokosea. Zikalingana zote.

Kisha akawaomba watu watatu wenye funguo za ofisi ile waweke flashi zao mezani. Wawili waliweka haraka. Ya makamu mkuu ilikuwa inaning'inia kwenye funguo zake, na aliifungua taratibu sana. Shangazi, niliujua ule utaratibu. Nilijua kabla sijaisoma namba yake, nayo ilikuwa ileile. Mtihani alikuwa amewapelekea wanafunzi wake wa tuisheni.

Anyisile alilia kidogo, akajifuta, akauliza kama anaweza kurudishiwa kompyuta yake kwa sababu barua za wazazi zimechelewa. Mwenyekiti naye alinisindikiza hadi mlangoni. "Ule ukurasa wako," aliniambia, "bila ule nisingekuamini kwenye huo mwingine." Nilipanda basi nikiwa na furaha ya kijinga, nikicheka dirishani kuanzia Igawa mpaka Mafinga, na nikaamua nisishuke Iringa mjini kwanza. Nilitaka nije nikwambie.

Leo asubuhi nimesimama kaburini kwako nikakwambia yote, kwa sauti, mpaka Tuli, binti yako, akatoka kuangalia naongea na nani. Akacheka. Akaingia ndani akarudi na lile kopo lako la sindano za kufumia. "Mama alisema hili ni la Kuku. Alisema usipewe mpaka uje mwenyewe kuongea."

Chini ya sindano kulikuwa na vijiti vya mwanzi vimefungwa pamoja kwa uzi wa sweta. Kile kirefu nilikijua. Lakini vilikuwa viwili, na cha pili kilikuwa kifupi, kimekatwa kwa uangalifu uleule, kimekolea rangi kwa ukongwe. Tuli alikuwa na mjukuu wako wa miaka tisa pale barazani, miguu mitupu. Nikamwomba akanyage. Kikamlingana kutoka kisigino hadi kidole.

Ulinipima, Shangazi. Siku ileile, kwenye tope, kabla hujafuta. Ukaniita Kuku miaka yote hiyo huku ukiningoja.

Kirefu nimemwachia Tuli. Kifupi nimekiweka ndani ya daftari langu, kwenye ukurasa ule. Lala salama, mama yangu. Viazi nimekula, safari hii ni kweli.

Mtoto wa kaka yako,
Kuku wako mwenye vidole vitano