Mteremko wa Nithi na Gari Lisilonguruma

Majimbo, Embu
Jumapili, Juni 2025

Mpendwa Baba Kendi,

Nilifika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya salamu. Nilitoka hapa Embu nikaenda hadi kwa mama yako Kibirichia, peke yangu, na nimerudi na gunia la waru, viazi vya shamba lake, nyuma ya gari. Sasa naweza kukueleza vizuri.

Ile Probox yako haiko tena. Baada ya kukuzika niliendelea kubeba wateja wako wale wale, walimu na wagonjwa wa kliniki, lakini petroli ilikuwa inakula kabla sisi hatujala. Kendi akatafuta gari la umeme, lililotumika lakini zima, na tukabadilisha. Siku tuliyokubaliana na mwenye gari nilimpigia mama yako simu nimwambie. Akauliza, "Sasa ukiuza gari ya mwanangu, utakuwa ukikuja huku na nini?"

Swali hilo ndilo lililoninyima raha. Unajua hana mwingine wa kumpeleka kliniki ya macho Meru mjini. Ulikuwa wewe. Kama gari hili lisingefika Kibirichia, basi ni mimi ningekuwa nimemkatia njia mama yako.

Pale stendi madereva wenzako walinicheka, na wewe ungekuwa wa kwanza. Njeru, rafiki yako, alilizunguka gari mara mbili kisha akaniita mbele ya watu.

"Mama Kendi, hii ni gari ama ni simu?"

"Ni gari."

"Na ikizima huko Nithi, utaomba nani chaja?"

"Nitakupigia wewe uje unisukume. Si wewe ndiye una nguvu za kuongea?"

Wakacheka. Lakini Njeru hakuwa mjinga. Baadaye, wenzake walipokuwa wameenda, alisimama dirishani akaniuliza polepole kama kweli linapanda mlima. Nikamwambia sijui bado. Akasema yeye angependa, ila anaishi ghorofa ya tatu, na soketi moja ya nyumba yake inagombaniwa na friji na pasi. "Nitateremsha waya kutoka dirishani kama ndoo ya kisima?" Mimi nina bahati ya uwanja wetu huu mdogo na ukuta ulioujenga. Stima ikipotea, na hupotea, inanikuta nimeshachaji, kama tulivyozoea kujaza mitungi kabla maji hayajakatwa.

Unakumbuka uliponifundisha kuendesha, kwenye uwanja wa kanisa kule kwetu Runyenjes? Ulikuwa na ndizi mbivu juu ya dashibodi, ukaniambia, "Nikiila kabla haijaanguka, umepita." Ilianguka mara nyingi, ukaila hivyo hivyo. Halafu ukanifundisha mambo ya mteremko. Ukifika juu ya kilima, toa gia, weka fri, acha gari lijiendee lenyewe hadi chini. Ulikuwa unapigapiga usukani na kusema, "Mlima ni mafuta yetu. Mteremko ni wa Mungu, hauuzwi kwa lita."

Nithi peke yake ndiyo uliikatalia. Kwenye ule mteremko wa Nithi, uliomeza mabasi na watu wake, uliingiza gia ya pili, ukazima redio, ukanyamaza hadi tuvuke daraja. Hata mimi nilijifunza kunyamaza hapo.

Basi siku ya safari nilifanya ulivyonifundisha. Gari lilikuwa limejaa chaji. Kila kilima nilipofika juu, mkono wangu ulienda wenyewe, nikaweka fri. Baada ya Runyenjes, fri. Kuteremkia mto Thuci, fri. Nilikuwa natabasamu, nikikusikia. Lakini nilipofika Chuka nikatazama ile nambari ya kilomita za chaji iliyobaki kwenye kioo cha dashibodi, tabasamu likaisha. Ilikuwa imeshuka kuliko barabara niliyoimaliza. Nilisimama kando nikapiga hesabu, nikaona nitaishia Nkubu au Meru mjini, na Kibirichia iko juu zaidi ya zote mbili.

Nilifikiria kurudi, Baba Kendi. Nilikaa pale na mikono juu ya usukani. Kisha nikakumbuka ile "utakuwa ukikuja huku na nini," nikasema hapana. Kama ni kuzimika, lizimike likiwa limeelekea kwa mama.

Nikafika Nithi. Hapo sikuweka fri, kwa sababu yako. Gari hili halina gia ya pili, kwa hivyo nililiacha kwenye gia yake moja, nikatoa mguu kwenye mafuta (bado naita mafuta), nikanyamaza. Gari likajizuia lenyewe, kama ng'ombe anayejua njia. Na nilipotupa jicho kwenye kioo, nambari ilikuwa inapanda. Tunateremka, na nambari inapanda! Nilidhani ni macho. Nilipovuka daraja nikampigia Kendi.

"Mama," akasema, "usiniambie umekuwa ukiweka fri."

"Tangu Embu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hii ukiteremka ikiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanaichaji. Ukiweka fri, unamwaga."

Kwa hivyo ile mali ya Mungu nilikuwa naimwaga tangu asubuhi, na kila mteremko niliumwaga nikikukumbuka. Nilicheka peke yangu pale kando ya barabara, halafu nikalia kidogo, halafu nikaendelea.

Nkubu nilimwomba mchomeleaji mmoja wa mageti anikopeshe soketi. Alizima mashine yake, akanipa kiti, akaniuliza kama gari hili hupigwa shoti mvua ikinyesha. Nilikaa hapo hadi chai ya saa kumi, nikamlipa, nikaondoka. Kuanzia hapo sikugusa fri tena. Mkono uliniwasha kila kilima, lakini niliukalia.

Nilifika Kibirichia jua bado lipo. Unajua mama yako alivyozoea: akisikia Probox pale kona ya mikalitusi, anaweka sufuria motoni, na tukishuka chai inachemka. Safari hii hakusikia kitu. Nilimkuta ameinama akichagua waru za mbegu, mgongo kwangu.

"Mama."

Akaruka. "Ngai! Umeletwa na nani?"

"Nimejileta."

Akaja hadi kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Ni baridi. Imekufa?"

"Haijafa, mama. Ndivyo ilivyo."

Akatikisa kichwa. "Na chai sijaweka." Hilo ndilo lililomuuma, kwamba nimefika na hakuna chai.

Tulipitisha waya kwenye dirisha la jikoni, gari likalala likichaji karibu na kuku. Asubuhi nilimpeleka kliniki Meru mjini. Barabarani alikuwa akitazama nje tu, lakini tulipoanza kuteremka nilimwonyesha nambari ikipanda, akasema, "Mwanangu angeipenda hii." Nikamwambia angeweka fri kwanza. Akacheka, Baba Kendi. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tukuzike.

Nimeamua. Gari nitakaa nalo, na mama yako nitakuwa nikimpeleka kliniki kama ulivyokuwa ukimpeleka. Njeru nimemwambia akipata gari kama hili, awe akija kulichaji kwangu Jumamosi, mpaka mwenye nyumba wake atakapoamka aweke soketi huko chini.

Nilipokuwa nikiondoka, mama yako alilazimisha lile gunia liingie, kisha akashika mlango wangu. "Siku ingine ukifika pale kona ya mikalitusi, piga honi," akasema. "Nijue ni nyinyi, niweke chai."

Nyinyi. Nilikuwa peke yangu ndani ya gari, na sikumsahihisha.

Nitapiga honi pale kona kila safari. Ukiisikia huko uliko, nikumbuke.

Mke wako,
Mama Kendi