Ufito Juu ya Bati

Jumatatu, 10 Machi
Nimefika ofisini Mogitu, nimewasha redio, nimewaita madereva wa trekta mmoja mmoja. Wote wameitika. Gidamis kaitika wa mwisho, makusudi, ili nimwite mara mbili. Mume gani huyu! Ndoa bado mbichi na nacheka peke yangu kama mwehu.

Analima ng'ambo ya korongo, upande wa Getanuwas. Simu haishiki kule. Korongo linapita nyuma ya ofisi ndipo linateremka kwake. Mvua ikipiga mlimani, mimi nayaona maji kabla yake, namwambia asivuke. Kazi yangu ndiyo hiyo. Naipenda.

Jumanne, 11 Machi
Antena ya chuma imevunjika kwa upepo wa jana. Fundi kaleta mpya: ufito mweupe wa faibaglasi, mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Unayumba hata kunguru akipita. Sijaupenda hata kidogo.

Gidamis kaukunja kabla haujapandishwa, kama wanavyofanya kwao wakichagua fimbo. Isiyokunjika hawaichukui. Kauachia, ukanyooka. Kafurahi huyo! Anasema ukistaafu ni wake. Fimbo ni fimbo, bwana. Antena ni antena.

Jumatano, 12 Machi
Upepo. Ufito unainama, unainuka. Roho juu juu.

Mchana nimepanda ngazi. Nimeusimamishia mti wa mkaratusi, nimefunga kwa waya kuanzia chini mpaka karibu na ncha. Nyumbani Dongobesh maharage yanayopanda hayaachwi bila mti. Mama angenisifu. Mzee Safari, mlinzi wetu, kaniuliza nitavuna lini. Mwache acheke.

Alhamisi, 13 Machi
Redio inakwaruza. Sauti zinakuja nusu nusu. Nimelaumu betri. Nimemlaumu fundi. Gidamis nimemsikia "mke wangu" tu, mengine yamemezwa.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika kabla hata sijavua nguo zilizolowa.

Mlima ulikuwa mweusi tangu mchana. Jioni korongo likaanza kunguruma. Nikachungulia: maji mekundu, magogo. Na Gidamis ndiyo alikuwa anafunga kazi aje nyumbani. Nikamwita. Mkwaruzo. Nikamwita tena. Mkwaruzo.

Nikatoka mbio. Kule juu mti umesimama wima, ufito umebanwa, ncha tu ndiyo inapigapiga. Ndipo nikaiona ile waya. Jamani! Chuma kitupu nimekiviringisha kwenye antena, ndicho kinachomeza sauti! Mjinga mimi.

Nikapanda na plaizi. Mvua ya upepo, bati linateleza. Mzee Safari kashika ngazi huku ananiita kichaa. Nikakata waya zote. Mti ukaanguka uani. Ufito ukainama mpaka nikafumba macho. Nikafumbua. Umesimama. Ukainama tena, ukasimama tena, mzima, hauna hata ufa.

Sijui nilishukaje. "Gidamis, usivuke! Maji!" Na sauti yake ikaja safi kabisa, kama yuko chumbani: "Nimekusikia, Paulina. Nilishafika ukingoni. Nimesimama."

Nimelia, nimecheka. Nimemkumbatia Mzee Safari, mtu mzima wa watu, amelowa chapachapa. Kisha nikakumbuka adabu, nikampa shikamoo.

Gidamis analala kwao leo, ng'ambo. Alale. Yuko hai.

Jumapili, 16 Machi
Karudi jana maji yalipopungua, matope mpaka kwenye nyusi. Kala makande, kaongeza. Habari ya mti wa maharage Mzee Safari keshampa. Kacheka mpaka machozi, nami nikamwacha acheke. Nilitaka kukisikia hicho kicheko.

Mti wa mkaratusi nimeuchomeka bustanini, kwenye maharage. Huko ndiko kwake.

Upepo unavuma tena jioni hii. Bati la ofisi linaonekana kutoka mlangoni kwetu. Sijatoka kuangalia.